Metali, Oksijeni na Mamlaka: Kutoka Matanuri ya Karagwe hadi Vichocheo vya Nikeli vya Kuzalisha Haidrojeni na Kemikali za Kikaboni

1.0 Utangulizi

Bweranyange, iliyoko wilayani Karagwe mkoani Kagera, ilikuwa makao ya watawala wa ufalme wa Karagwe katika karne ya 19. Mnamo Novemba 1861 Waingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant walipokewa huko na Mukama Rumanyika, na Speke aliliandika jina la mahali hapo kama Weranhanje. Mwanzoni mwa 1876 Henry Morton Stanley naye alifika katika ufalme huo. Maandishi ya wageni hao yanaizungumzia hazina ya mfalme: mikuki, nyundo, na sanamu za wanyama zilizotengenezwa kwa chuma na shaba. Vitu hivyo havikuwa mapambo tu. Vilikuwa ushahidi kwamba anayetawala ana uwezo juu ya kazi ya kugeuza udongo na mawe kuwa metali.

Jina la Karagwe limebaki pia katika jiolojia. Ukanda wa miamba unaopita kaskazini-magharibi mwa Tanzania na kuingia Uganda, Rwanda na Burundi huitwa Karagwe-Ankole. Katika ukanda huo mna bati la Kyerwa, na upande wa kusini, wilayani Ngara, mna nikeli ya Kabanga. Nikeli ni metali inayotumiwa kwa muda mrefu katika mitambo ya kutenganisha maji kwa umeme ili kupata haidrojeni, na katika miongo ya karibuni imechunguzwa sana kama kichocheo cha kuzalisha haidrojeni sambamba na kemikali za kikaboni zenye thamani sokoni.

Makala haya yanafuatilia uhusiano kati ya historia hizo mbili. Hoja yake ni kwamba katika Karagwe mamlaka ya kiuchumi hayakutokana na kuwa na mbale ardhini, bali yalitokana na kushika hatua moja ya kazi, yaani hatua ambapo oksijeni hutengana na kile kinachotafutwa. Ilipotoka mikononi mwa wenyeji hatua hiyo, mbale ilibaki kuwa mzigo wa kusafirishwa. Swali la nikeli ni swali hilohilo likirudi katika sura nyingine.

2.0 Tanuri kama Mahali pa Kemia

Mbale ya chuma inayopatikana katika maeneo ya Kagera ni oksidi, yaani chuma kilichoungana na oksijeni. Kazi ya tanuri si kuyeyusha jiwe tu kama inavyodhaniwa mara nyingi. Kazi yake kubwa ni kuiondoa oksijeni hiyo. Makaa yanapoungua katika hewa haba hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo huichukua oksijeni kutoka kwenye mbale na kugeuka kuwa dioksidi ya kaboni, huku chuma kikibaki. Uchafu wa mawe huyeyuka na kuwa mavi ya chuma, ambayo hadi leo ni alama kuu inayowaongoza wanaakiolojia kwenye maeneo ya kale ya ufuaji.

Ujuzi huo ni wa kale katika mkoa wa Kagera. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha matokeo ya utafiti wao kuhusu Wahaya na maeneo ya kale kando ya Ziwa Viktoria. Walionyesha kuwa matanuri yaliyotumia mivukuto yalikuwapo huko kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi hiyo walijenga tanuri upya na kuyeyusha mbale mbele ya watafiti. Shimo la tanuri lilijazwa matete yaliyochomwa, na neli za udongo zilipenyezwa ndani ya tanuri ili kupitisha hewa ya mivukuto. Schmidt na Avery walidai kwamba hewa hiyo ilipata joto ndani ya neli kabla ya kufika kwenye moto, na kwamba ndiyo sababu ya kufikia joto kali. Dai hilo la hewa kupashwa joto limepingwa na wataalamu wengine wa metali za kale, na mjadala wake ulidumu kwa miaka mingi. Hata hivyo, jambo la msingi halibishaniwi: mafundi walijua kudhibiti hewa, kaboni na joto ili wapate chuma chenye kaboni ya kutosha kuwa kigumu.

Katika Karagwe yenyewe, Andrew Reid na Rachel MacLean, katika kazi yao ya mwaka 1995, walichunguza ishara na mazingira ya kijamii ya uzalishaji wa chuma. Kazi hiyo inaonyesha kwamba tanuri lilifungamana na fikra za uzazi na za utawala. Uyeyushaji ulikuwa na miiko yake, na wanawake walitengwa na hatua hiyo ingawa tanuri lenyewe lilifikiriwa kama mwili unaozaa. Kwa upande wa utawala, nyundo ya mhunzi ilihesabiwa miongoni mwa alama za ufalme, na mapokeo yanamhusisha Ndagara, baba wa Rumanyika, na vitu vya chuma vya hazina ya Bweranyange, wakiwemo ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu. Ng'ombe na chuma vilikuwa nguzo mbili za utajiri, na mfalme aliziunganisha katika sanamu moja.

Mnyororo huo wa kazi ulikuwa kamili. Mbale, makaa, udongo wa neli, ngozi za mivukuto, mafundi, soko la majembe na mamlaka ya kulinda kazi hiyo vyote vilipatikana ndani ya eneo lililoweza kutembelewa kwa miguu. Hata hivyo, haifai kuutukuza mfumo huo kupita kiasi. Faida yake haikugawanywa kwa usawa, miiko yake iliwaweka kando watu wengi, na gharama yake kwa misitu ilikuwa kubwa, kwani kila mzigo wa chuma ulidai mizigo mingi ya kuni. Kinachosisitizwa hapa ni kwamba hatua ya kutenganisha oksijeni ilifanyika pale pale palipokuwa na watawala na watumiaji.

3.0 Kukatika kwa Mnyororo

Mabadiliko yalianza kabla ya ukoloni. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka pwani walikuwa na kituo cha Kafuro katika Karagwe, na kupitia kwao ziliingia nyaya za shaba, nguo na shanga, huku pembe za ndovu zikitoka. Nyaya hizo zilikuwa metali iliyokwisha kutengenezwa kwingine. Zilimfikia mhunzi bila kupitia tanuri. Baada ya kufariki kwa Rumanyika mwaka 1878, ufalme ulidhoofishwa na migogoro ya urithi, kisha ukaingizwa chini ya utawala wa Wajerumani. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 majembe na vyuma chakavu kutoka Ulaya vilienea, na uyeyushaji wa mbale katika mkoa huo ukakoma. Uhunzi uliendelea, lakini ulitegemea chuma cha kuokotwa au kununuliwa. Fundi alibaki na nyundo akiwa amepoteza tanuri.

Uchimbaji wa bati ulioanza katika eneo la Kyerwa katika miaka ya 1920, wakati wa utawala wa Waingereza, ulithibitisha hali hiyo mpya. Mbale ya bati, iitwayo kasiteraiti, nayo ni oksidi. Huondolewa oksijeni kwa kaboni katika joto ambalo ni la chini kuliko lile la kuzalisha chuma. Kwa kigezo cha joto peke yake, eneo lililokuwa na ujuzi wa kuyeyusha chuma kwa zaidi ya miaka elfu moja lingeweza kuyeyusha bati. Lakini mpangilio wa uchumi wa kikoloni haukuhitaji tanuri Kyerwa. Ulihitaji wachimbaji, maji ya kuoshea mchanga, na barabara ya kutolea mizigo. Mbale iliyooshwa ilisafirishwa nje, na bati likapatikana huko ilikokwenda. Karagwe, ambayo hapo awali ilitoa majembe, sasa ilitoa mchanga mzito.

Hali hiyo haikutokana na wenyeji kukosa akili ya ufundi. Ilitokana na kuhamishwa kwa hatua yenye thamani kutoka mahali pa mbale kwenda mahali pa mtaji. Kumbukumbu ya mabadiliko hayo ni muhimu kwa kuuelewa mjadala wa sasa wa nikeli.

4.0 Umeme Kuchukua Nafasi ya Makaa

Wakati matanuri ya Karagwe yakiwa bado yanafanya kazi, njia nyingine ya kutenganisha oksijeni ilikuwa imegunduliwa Ulaya. Mwaka 1800 Waingereza William Nicholson na Anthony Carlisle walipitisha umeme wa betri katika maji na kuona gesi mbili zikitoka: haidrojeni upande mmoja na oksijeni upande mwingine. Njia hiyo huitwa elektrolisisi. Upande unaotoa haidrojeni huitwa kathodi na upande wa pili huitwa anodi. Katika miaka ya 1840 Mjerumani Hermann Kolbe alichunguza kinachotokea chumvi za asidi za kikaboni zinapopitishiwa umeme. Aliona kwamba kathodi iliendelea kutoa haidrojeni, lakini anodi, badala ya kutoa oksijeni, iliunda kampaundi mpya za kikaboni. Wazo la kuzalisha haidrojeni na kemikali kwa mkupuo mmoja wa umeme lina umri huo.

Viwanda, hata hivyo, vilifuata njia ya maji matupu. Katika karne ya 20 mitambo mikubwa ya elektrolisisi ilijengwa palipokuwa na umeme wa maporomoko: Rjukan nchini Norwei, Aswan nchini Misri, na Kwekwe nchini Zimbabwe, ambako umeme ulitumika kuzalisha haidrojeni ya kutengenezea mbolea hadi mtambo huo ulipofungwa mwaka 2015. Katika mitambo ya namna hiyo yenye maji ya magadi, nikeli ndiyo metali iliyozoeleka kwenye elektrodi, kwa sababu haili haraka na bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na platini au iridi.

Udhaifu wa elektrolisisi ya maji uko upande wa anodi. Kwa kila kilo 1 ya haidrojeni hutoka kilo 8 za oksijeni, ambayo kwa kawaida huachwa ipotelee hewani. Ingawa kinadharia volti 1.23 zinatosha kuyatenganisha maji, kuitoa oksijeni ni kazi nzito inayodai volti za ziada, hivyo mitambo mingi hutumia takriban kilowati-saa 50 hadi 55 kwa kilo 1 ya haidrojeni. Umeme mwingi hutumika kuzalisha gesi isiyouzwa.

Hapo ndipo kichocheo na kampaundi ya kikaboni vinapoingia. Badala ya kuiacha oksijeni iondoke kama gesi, ethanoli, gliseroli au fufurali huwekwa katika upande wa anodi ili iipokee. Ethanoli hugeuka kuwa asidi ya asetiki, gliseroli huweza kuwa asidi ya fomiki, na kampaundi zinazotokana na sukari huweza kuwa malighafi za plastiki. Katika miaka ya 1970 kundi la Martin Fleischmann nchini Uingereza lilieleza jinsi nikeli inavyoifanya kazi hiyo: uso wa nikeli hugeuzwa na umeme kuwa oksidi yenye nguvu ya kuoksidisha, oksidi hiyo huishambulia alkoholi, kisha nikeli hurudi katika hali yake ya awali na kuwa tayari kwa mzunguko mwingine. Kichocheo hakiliwi katika kazi hiyo. Hupokea na kukabidhi.

Kwa lugha ya matanuri, tofauti ni mpokeaji wa oksijeni. Katika tanuri la Karagwe, kaboni ya makaa iliipokea oksijeni na kupotea kama moshi, na kilichobaki kilikuwa chuma. Katika mtambo wa nikeli, kaboni ya ethanoli huipokea oksijeni bila kupotea, kwa kuwa yenyewe hugeuka kuwa bidhaa, na upande wa pili hutoka haidrojeni.

Ni lazima kutaja mipaka ya njia hii. Nikeli haianzi kazi yake mpaka uso wake ufikie takriban volti 1.35, hivyo akiba ya umeme dhidi ya elektrolisisi ya kawaida si kubwa kama hesabu za kinadharia zinavyoahidi. Shaba imeonekana kuzioksidisha baadhi ya aldehidi kwa volti ndogo zaidi, na hata kutoa haidrojeni pande zote mbili, lakini haiwezi kutumika kwa alkoholi zote. Aidha, bidhaa hutoka ikiwa imechanganyika na magadi, na kuisafisha ni gharama nyingine.

5.0 Kabanga: Nikeli Iliyosubiri

Nikeli ya Kabanga ilitambuliwa katika miaka ya 1970 kupitia uchunguzi wa madini uliofadhiliwa na Umoja wa Mataifa. Kwa zaidi ya miongo 4 ilipita mikononi mwa kampuni za kigeni zilizotoboa na kupima bila kufungua mgodi. Baada ya mabadiliko ya sheria za madini ya mwaka 2017, leseni za kuhodhi maeneo zilifutwa. Mnamo Januari 2021 Serikali ya Tanzania ilitia saini mkataba na kampuni ya Kabanga Nickel, na ikaundwa kampuni ya Tembo Nickel ambamo Serikali ina hisa za asilimia 16. Mpango uliotangazwa ulijumuisha jambo ambalo Kyerwa haikulipata enzi ya bati: kiwanda cha kusafisha metali ndani ya nchi, Kahama mkoani Shinyanga.

Mbale ya Kabanga si oksidi bali ni salfaidi, yaani nikeli iliyoungana na salfa. Kwa hiyo kemia yake si ileile ya tanuri. Hata hivyo, mantiki ya kihistoria inafanana. Kuna hatua ya kuchimba, hatua ya kutenganisha, na hatua ya kuitumia metali kugeuza vitu vingine. Mkataba wa 2021 unazungumzia hatua mbili za mwanzo. Hatua ya tatu, ambayo ndani yake mna vichocheo, bado haijawa sehemu kubwa ya mjadala wa umma. Nikeli nyingi duniani huishia katika chuma kisichoshika kutu, na sehemu nyingine huenda kwenye betri. Kiasi kinachohitajika kwa elektrodi ni kidogo. Lakini udogo huo ndio unaoifanya hatua ya tatu iwe karibu: maabara au kiwanda kidogo hakihitaji mgodi mzima ili kuanza kujifunza kutengeneza elektrodi.

6.0 Hesabu ya Kagera

Kagera ina mpokeaji wa oksijeni kwa wingi. Ndizi hutengenezwa rubisi, na wilayani Missenyi miwa hulimwa kwa ajili ya sukari, ambayo masalio yake, molasi, ni malighafi ya ethanoli. Rubisi likiachwa wazi huchacha na kuwa kali, kwa sababu bakteria huigeuza ethanoli kuwa asidi ya asetiki kwa kutumia oksijeni ya hewani. Elektrodi ya nikeli huifikia asidi hiyohiyo, ila oksijeni huichukua kutoka kwenye maji, na kwa hiyo haidrojeni ya maji hayo haipotei.

Hata hivyo, hesabu inadai uangalifu. Kilo 46 za ethanoli zikigeuzwa kikamilifu hutoa kilo 60 za asidi ya asetiki na kilo 4 za haidrojeni. Kwa maneno mengine, kila kilo 1 ya haidrojeni hufuatana na kilo 15 za asidi. Amonia tani 1, ambayo ni msingi wa mbolea za naitrojeni, huhitaji takriban kilo 176 za haidrojeni. Ikizalishwa kwa njia hii, itatumia karibu tani 2 za ethanoli na kuacha zaidi ya tani 2.6 za asidi ya asetiki zinazotafuta mnunuzi. Kwa kipimo hicho haidrojeni si bidhaa kuu yenye kemikali pembeni. Kemikali ndiyo bidhaa kuu, na haidrojeni ndiyo ya pembeni.

Matokeo hayo yana maana mbili. Kwanza, njia hii haiwezi kuchukua nafasi ya elektrolisisi ya maji katika kuzalisha haidrojeni kwa mahitaji makubwa ya taifa, kwa kuwa soko la kemikali lingejaa mapema. Pili, inaweza kufaa katika kiwango cha mkoa, pale ambapo ethanoli ipo, umeme upo, na kemikali inayopatikana inaagizwa kutoka mbali. Historia inatoa tahadhari inayohusiana na hilo. Kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kilitegemea malighafi nyingi kutoka nje na kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kuwa na mtambo bila kuwa na mnyororo wake ni sura nyingine ya kuwa na nyundo bila tanuri.

Zaidi ya hayo, ethanoli hushindana na chakula kwa ardhi na kwa kazi za mikono. Mgomba ni chakula kabla ya kuwa malighafi. Kama vile misitu ilivyogharimia chuma, mashamba yanaweza kugharimia haidrojeni, na wanaobeba gharama hiyo huenda wasiwe wanaopata faida. Kwa sababu hiyo masalio, kama molasi na makapi ya miwa, yanastahili kutangulizwa kabla ya mazao yenyewe.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba katika historia ya Karagwe metali zilipata maana yake katika hatua ya mageuzi. Bweranyange ilikuwa na hazina ya chuma kwa sababu eneo lake lilikuwa na matanuri, na mfalme aliweka nyundo miongoni mwa alama zake kwa sababu alijua chanzo cha nguvu hiyo. Nyaya za biashara, majembe ya Ulaya na mbale ya bati iliyosafirishwa nje vilivunja uhusiano huo hatua kwa hatua, bila ardhi kupoteza madini yake.

Vichocheo vya nikeli vya kuzalisha haidrojeni pamoja na kemikali za kikaboni haviahidi kurudisha hali ya zamani, wala hesabu yake hairuhusu matumaini ya kupita kiasi. Vinachofanya ni kuonyesha mahali ambapo hatua yenye thamani ipo kwa sasa: katika uso mwembamba wa elektrodi, na katika ujuzi wa kuchagua kile kitakachopokea oksijeni. Kiwanda cha Kahama, kikikamilika, kitajibu nusu ya swali lililoachwa na bati la Kyerwa. Nusu ya pili inahusu maabara za vyuo, mafunzo ya mafundi, na uamuzi wa kutenga sehemu ndogo ya nikeli hiyo kwa majaribio ya ndani kabla mzigo wa kwanza haujaondoka.